Dakshundi

Dakshundi, kwa Kijerumani Dachshund, ni aina ya mbwa-kaya mwenye mwili mrefu, miguu mifupi sana na masikio yanayoning'inia. Asili yake ni Ujerumani, ambako alizalishwa ili kuwinda wanyama wanaoishi mashimoni. Siku hizi wengi wao hufugwa nyumbani kwa ajili ya urafiki tu, nao ni miongoni mwa mbwa wanaotambulika kwa urahisi zaidi duniani. Watu humfananisha na soseji, na katika nchi kadhaa ana sherehe, maandamano na hata makumbusho yake.

Umbo hilo hilo linalopendwa ndilo chanzo cha ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapata dakshundi wengi. Ugonjwa huo ni mojawapo ya sababu zinazofanya baadhi yao waachwe na wenyewe na kuishia kwenye vituo vya kuokolea wanyama. Kwa hiyo katika nchi nyingi kuna njia mbili za kumpata mbwa huyu: kumnunua kwa mzalishaji, au kumchukua kituoni. Njia ya pili huitwa kuasili, kwa neno lile lile linalotumika kwa mtoto anayepokelewa katika familia mpya.

Katika Afrika ya Mashariki dakshundi ni wachache. Mbwa wanaosubiri nyumba katika vituo vya eneo hili ni hasa mbwa wa kienyeji na machotara, lakini taratibu za kuwapokea ni zile zile.

Jina

Jina la Kijerumani limeundwa na maneno mawili: Dachs, yaani melesi, na Hund, yaani mbwa. Melesi ni mnyama mla nyama wa Ulaya na Asia mwenye milia myeusi na myeupe usoni, anayechimba mashimo marefu chini ya ardhi. Yumo katika familia moja na nyegere wa Afrika, na kama nyegere ni mpiganaji mkali anapobanwa. Wajerumani wenyewe kwa kawaida hawasemi Dachshund bali Dackel, na wawindaji husema Teckel.

Historia

Mbwa wenye miguu mifupi wa kuingia mashimoni walijulikana Ujerumani karne kadhaa kabla ya aina hii kuandikishwa rasmi. Walihitajika kwa kazi tatu: kunusa njia ya mnyama, kumfuata ndani ya shimo, na kubweka kutoka chini ili mwindaji aliye juu ajue mahali pa kuchimba. Kazi hiyo ilidai kifua kipana, miguu ya mbele yenye nguvu ya kuchimbua udongo, sauti kubwa kuliko mwili, na moyo usiorudi nyuma gizani. Mbwa aliye peke yake shimoni hawezi kungoja amri ya bwana wake, hivyo wafugaji walichagua wale wenye uwezo wa kuamua wenyewe.

Chama cha Ujerumani cha mbwa hawa, Deutscher Teckelklub, kilianzishwa mwaka 1888. Mwaka 1890 kilitoa kitabu chake cha kwanza cha kuandikisha vizazi. Ni mwaka ule ule ambao Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la awali lilikuwa Eduard Schnitzer, alianzisha kituo cha Kijerumani cha Bukoba kando ya Ziwa Viktoria.

Uingereza ilikuwa na chama cha dakshundi tangu mwaka 1881, baada ya mbwa hao kupendwa katika jumba la Malkia Victoria. Marekani aina hii ilikubaliwa rasmi mwaka 1885.

Kaisari Wilhelm II, aliyekuwa mtawala wa Ujerumani wakati wa koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, alifuga dakshundi. Inasimuliwa kwamba alipomtembelea mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, katika kasri la Konopiště, mbwa wake walimuua fezanti wa thamani wa mwenyeji wao. Fezanti ni ndege wa jamii ya kuku.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipoanza mwaka 1914, dakshundi walichukiwa Uingereza na Marekani kwa kuwa walionekana kama alama ya Ujerumani. Wachoraji wa katuni waliwatumia kumkejeli adui, na idadi yao ilipungua sana. Marekani baadhi ya watu walianza kuwaita kwa tafsiri ya Kiingereza ya jina lao ili kuficha asili yao ya Kijerumani. Baada ya vita walipata tena nafasi yao.

Umbo na aina

Katika Shirikisho la Kimataifa la Mbwa, FCI, dakshundi wamepewa kundi lao peke yao, yaani Kundi la 4. Kanuni za shirikisho hilo zinataka urefu wa mwili uwe mara 1.7 hadi 1.8 ya kimo cha mbwa.

Kuna ukubwa wa namna tatu:
- dakshundi wa kawaida, mwenye kilogramu takriban 7 hadi 14;
- dakshundi mdogo, ambaye kwa kawaida hazidi kilogramu 5;
- dakshundi wa sungura, aliye mdogo kuliko wote, ambaye alizalishwa kwa mashimo membamba ya sungura.

Wajerumani hawapimi kwa uzito bali kwa mzingo wa kifua, kwa sababu kifua ndicho kinachoamua kama mbwa atapita shimoni. Uingereza na Marekani hupima kwa uzito na hutambua namna mbili za kwanza tu.

Manyoya nayo ni ya namna tatu: mafupi na laini, marefu, na magumu kama brashi. Rangi za kawaida ni nyekundu ya kahawia, na nyeusi yenye alama za rangi ya hudhurungi juu ya macho, kifuani na miguuni. Wapo pia wenye mabaka. Wazazi wawili wenye mabaka hawapaswi kupandishwa, kwa kuwa baadhi ya watoto wao huzaliwa viziwi au vipofu.

Dakshundi huishi kwa kawaida miaka 12 hadi 16.

Tabia

Dakshundi ni mbwa mchangamfu, mwenye akili na mwaminifu kwa watu wa nyumba yake. Pia ni mkaidi. Ukaidi huo si utovu wa adabu bali ni urithi wa kazi yake ya zamani ya kuamua peke yake shimoni. Hujifunza vizuri kwa masomo mafupi yanayorudiwa mara kwa mara na kwa zawadi ndogo ya chakula, na hukata tamaa au kuwa mkali akipigwa.

Hubweka sana, naye hushuku wageni. Hupenda kuchimba. Hufukuza wanyama wadogo wanaokimbia, wakiwemo kuku, sungura na paka wasiomzoea. Kwa watoto wadogo anahitaji uangalizi, kwa sababu mtoto anaweza kumbeba vibaya na kumuumiza mgongo, naye akiumia anaweza kuuma.

Nchini Ujerumani wawindaji wangali wakimtumia, hasa kufuata njia ya damu ya mnyama aliyejeruhiwa ili asife kwa mateso porini.

Umaarufu na sherehe

Dakshundi aliyejulikana zaidi hakuwa mbwa hai. Ni Waldi, mnyama-alama wa Michezo ya Olimpiki ya München ya mwaka 1972, na wa kwanza kuwa mnyama-alama rasmi wa Olimpiki ya majira ya joto. Alichorwa kwa mistari ya rangi mbalimbali chini ya uongozi wa msanifu Otl Aicher, na njia ya mbio za marathoni ilipangwa ifanane na umbo lake. Katika michezo hiyo John Akii-Bua wa Uganda alishinda medali ya dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, iliyokuwa rekodi ya dunia. Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mita 3000 kuruka viunzi na maji.

Mchoraji Pablo Picasso aliishi na dakshundi aitwaye Lump, aliyeletwa nyumbani kwake na mpigapicha David Douglas Duncan. Mbwa huyo anaonekana katika michoro kadhaa ya Picasso. Wote wawili walikufa mwaka 1973, wakipishana siku chache. Mchoraji Mwingereza David Hockney naye aliwachora mara nyingi dakshundi wake wawili, Stanley na Boodgie.

Katika jiji la Kraków, Poland, kila mwaka mwezi Septemba hufanyika maandamano ya dakshundi, na wengi huvalishwa mavazi ya sherehe. Mwaka 2018 jumba la makumbusho ya dakshundi lilifunguliwa mjini Passau, Ujerumani. Mwaka 2024 mamia ya dakshundi walikusanywa katika mji wa Regensburg kwa matembezi ya kuvunja rekodi ya dunia.

Marekani kuna mashindano ya mbio za dakshundi yanayovutia watazamaji wengi. Chama cha Dakshundi cha Marekani kinayapinga, kwa hoja kwamba kukimbia na kuruka kwa nguvu kunaweza kuumiza mgongo, na kwamba mashindano huwatia watu hamu ya kununua mbwa wasiomwelewa.

Ugonjwa wa uti wa mgongo

Miguu mifupi ya dakshundi ni namna ya udumavu wa mifupa iliyochaguliwa na binadamu kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2009 wanasayansi walionyesha kwamba mbwa wenye miguu mifupi wana nakala ya ziada ya jeni iitwayo FGF4 katika kromosomu ya 18. Mwaka 2017 ilipatikana nakala nyingine ya jeni hiyo katika kromosomu ya 12. Hii ya pili haifupishi miguu tu, bali pia huzeesha mapema diski za uti wa mgongo.

Diski ni kama vijito vidogo kati ya pingili za mgongo. Katika mbwa wa kawaida hubaki laini kwa miaka mingi. Katika dakshundi huanza kukauka na kuwa ngumu akiwa bado mdogo. Diski iliyokauka inaweza kupasuka na kusukuma vitu vyake juu, ikabana neva za uti wa mgongo. Tafiti zimeonyesha kwamba takriban dakshundi mmoja kati ya wanne au watano hupata dalili za ugonjwa huu maishani mwake, mara nyingi akiwa na umri wa miaka 3 hadi 8.

Dalili zake ni hizi:
- kulia anapoguswa au anapoinuliwa;
- kukunja mgongo na kukataa kupanda ngazi;
- kutembea akiyumba au kuburuta miguu ya nyuma;
- kushindwa kujizuia mkojo au kinyesi;
- kupooza.

Mbwa mwenye maumivu tu bila kupooza mara nyingi hupona kwa kupumzishwa ndani ya kizimba kwa wiki kadhaa na kupewa dawa na daktari. Aliyepooza huhitaji upasuaji haraka. Akiwa bado anahisi maumivu vidoleni, nafasi ya kutembea tena ni kubwa. Akipoteza hisia hiyo, kila saa inayopita huipunguza. Kwa hiyo mbwa anayeburuta miguu si wa kungojewa mpaka kesho.

Dawa za maumivu za binadamu hazifai kumpa mbwa. Ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli zinaweza kumdhuru vibaya au kumuua.

Nchini Ujerumani mwaka 2024 rasimu ya marekebisho ya sheria ya ulinzi wa wanyama ilizua mjadala mkubwa. Wafugaji walihofia kwamba kifungu dhidi ya uzalishaji wa wanyama wenye maumbile ya kuwatesa kingeweza kumgusa dakshundi. Wizara ilisema haikusudii kupiga marufuku aina yoyote, bali kuzuia maumbile yaliyopitiliza. Mjadala huo ulikumbusha kwamba miguu ya dakshundi inaweza kurefushwa kidogo kwa kuchagua wazazi, kama ilivyofupishwa kwa kuchagua wazazi.

Kwa nini dakshundi hufika vituoni

Sababu zinazotajwa na vituo vya uokoaji hufanana katika nchi nyingi. Mwenye mbwa amefariki au amekuwa mzee. Familia imehama na nyumba mpya hairuhusu mbwa. Majirani wamelalamika kwa kubweka. Mtoto amezaliwa. Au mbwa ameumwa mgongo na gharama ya upasuaji imewashinda. Wengine hutoka kwa wazalishaji wa kibiashara, ambao huwaweka majike vizimbani na kuwazalisha mfululizo, kisha huwatupa wakizeeka.

Wakati wa janga la UVIKO-19 watu wengi wa Ulaya na Marekani walikaa nyumbani na kununua mbwa. Waliporudi kazini, baadhi ya mbwa hao walibaki peke yao siku nzima, na vituo vikapokea maombi mengi ya kuwarudisha.

Uingereza na Marekani kuna vyama vya kujitolea vinavyookoa dakshundi peke yao. Vingi havina jengo: mbwa hukaa katika nyumba za walezi wa muda mpaka apate mwenyeji wa kudumu. Njia hiyo ina faida kwamba mlezi hujua tabia za mbwa ndani ya nyumba ya kawaida na anaweza kumweleza mwombaji ukweli wote.

Utaratibu wa kuasili mbwa

Ingawa kila kituo kina kanuni zake, hatua za kawaida ni hizi:
1. Mwombaji hujaza fomu kuhusu nyumba yake, watu waliomo, wanyama wengine na saa ambazo mbwa atakaa peke yake.
2. Wahusika huitembelea nyumba, au huomba picha zake, ili waone ua, lango na mahali mbwa atakapolala.
3. Mwombaji hukutana na mbwa, ikiwezekana zaidi ya mara moja, pamoja na familia yote.
4. Mbwa hupimwa, huchanjwa, hupewa dawa ya minyoo, na huhasiwa au kufungwa kizazi.
5. Mkataba husainiwa na mchango wa gharama hulipwa. Mara nyingi mkataba husema kwamba mwombaji akishindwa kumtunza, mbwa arudishwe kituoni, asiuzwe wala kutupwa.

Mchango huo si bei ya mbwa, bali hurudisha sehemu ya gharama za chanjo, upasuaji na chakula.

Mtu anayetaka kumwasili dakshundi anapaswa kuuliza maswali ya mgongo kwanza: je, amewahi kuumwa, alitibiwa vipi, na ana uzito gani sasa? Mbwa mzee au aliyewahi kuugua haachwi kwa sababu hiyo tu. Wapo dakshundi waliopooza miguu ya nyuma wanaoishi miaka mingi kwa kutumia kigari chenye magurudumu mawili. Lakini mbwa wa namna hiyo anahitaji mtu wa kumsaidia kukojoa mara kadhaa kwa siku. Anayemchukua kwa huruma ya siku moja humfanya aachwe mara ya pili.

Afrika ya Mashariki

Kenya ina kituo cha zamani zaidi. Chama cha ulinzi na matunzo ya wanyama, kinachojulikana kwa kifupi KSPCA, kilianzia mwaka 1910 na makao yake yako Nairobi. Hupokea mbwa, paka, punda na wanyama wengine, na hutafutia mbwa na paka nyumba mpya. Jijini Nairobi pia kuna East Africa Kennel Club, chama kinachoandikisha mbwa wa koo safi na kuendesha maonyesho yao.

Nchini Uganda chama cha USPCA huendesha makao ya mbwa na paka katika eneo la Kampala. Nchini Tanzania makao ya Mbwa wa Africa yako mkoani Arusha, na shirika la TAWESO hufanya kazi ya ustawi wa wanyama likiwa na makao Dar es Salaam.

Mbwa wengi katika vituo hivi ni wa kienyeji. Mbwa wa kienyeji wa Afrika hakuchaguliwa kwa sura bali kwa kuishi, hivyo kwa kawaida ana miguu mirefu, mgongo imara na uwezo mkubwa wa kuvumilia joto. Mtu aliyevutiwa na dakshundi kwa udogo wake, uchangamfu wake au sauti yake ya ulinzi anaweza kuzipata sifa hizo katika mbwa wa kienyeji au chotara bila ugonjwa wa diski.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama amtunze na inakataza ukatili. Kumtelekeza mbwa barabarani au sokoni si njia halali ya kuachana naye.

Mtazamo wa dini nao una nafasi. Waislamu wengi wa pwani na Zanzibar hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi na kuagiza chombo alichokilamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo, mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda wanaruhusiwa, na kumtesa mnyama kunakatazwa. Anayetaka kumweka mbwa katika nyumba ya kupanga anapaswa kwanza kupatana na mwenye nyumba na majirani.

Mazingira ya Kagera

Mkoa wa Kagera una mvua nyingi na udongo laini. Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zimo ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Mbwa wa kienyeji hulinda hapo usiku na hulala nje. Hali hiyo inamfaa mbwa mwenye miguu mirefu. Dakshundi tumbo lake liko karibu na ardhi, hivyo hulowa umande, hukusanya kupe na huchafuka matope kila anapotoka.

Hatari kubwa zaidi kwa mbwa wa asili ya Ulaya katika eneo hili ni hizi:
- Kupe hueneza babesia, ugonjwa unaoharibu damu. Dalili zake ni homa, ufizi mweupe na mkojo mwekundu au wa kahawia.
- Mbung'o huambukiza nagana, ambayo kwa mbwa huwa kali na mara nyingi hugeuza macho kuwa meupe. Mbung'o hupatikana karibu na mapori, kama yale ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato inayoingia wilaya ya Muleba.
- Funza huingia katika nyayo za mbwa na pia za watu wa nyumba hiyo. Kumtibu mbwa bila kusafisha sakafu ya vumbi hakutoshi.
- Nyoka hujificha mashimoni, mahali ambapo dakshundi hupenda kuingiza pua.

Kuku wa nyumbani wako hatarini kama yule fezanti wa Konopiště. Ua imara, ulioshindiliwa chini ili asichimbe, ni wa lazima.

Ushauri hupatikana kwa afisa mifugo wa kata au wilaya. Lakini upasuaji wa mgongo unahitaji vifaa vya picha na mtaalamu, na safari ya kuvifikia inaweza kuwa ndefu. Kutoka Bukoba, Kampala iko takriban kilomita 300 kwa barabara ya Mutukula, wakati Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Mfugaji wa hapa anapaswa kupanga mapema atampeleka wapi, kwa usafiri gani, na kwa fedha ipi.

Kichaa cha mbwa na usafirishaji

Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu anayeonyesha dalili zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu takriban 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mbwa wakichanjwa kwa kiwango cha 70% katika eneo, ugonjwa huacha kuenea. Lengo la kimataifa ni kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kupambana nao.

Kisiwa cha Pemba ni mfano wa mafanikio na wa onyo. Kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 ziliutokomeza ugonjwa, lakini virusi vililetwa upya na mwaka 2016 ugonjwa ukaonekana tena, mpaka chanjo ya kisiwa kizima ikaumaliza.

Kwa hiyo mbwa anayehamishwa hupaswa kuchanjwa kwanza, kwa kawaida akiwa na umri wa miezi 3 na kuendelea, kisha kurudiwa kila mwaka. Anayevushwa mpaka huhitaji cheti cha afya, cheti cha chanjo na kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi anakokwenda.

Mtu aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende mara moja kituo cha afya kupata chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Matunzo nyumbani

Wiki za kwanza mbwa aliyeasiliwa huwa na woga, hukataa chakula au hujificha. Apewe mahali pake pa kulala, ratiba isiyobadilika na muda wa kuzoea. Asifunguliwe nje ya ua mpaka aitikie jina lake.

Uzito ndio ulinzi wa kwanza wa mgongo. Mbavu ziguswe kwa urahisi chini ya ngozi, na kiuno kionekane mbwa akitazamwa kutoka juu. Ugali au ndizi zilizochanganywa na dagaa wa ziwani wasio na chumvi, au na mabaki ya nyama, hufaa kwa kipimo kidogo. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe.

Asiruke kutoka kitandani au kwenye kochi. Awekewe ubao wa mteremko. Ngazi azibiwe. Anapobebwa, mkono mmoja ushike kifua na mwingine makalio, mgongo ukiwa umelala sawa. Asiinuliwe kwa miguu ya mbele wala kwa kwapa. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani badala ya kola ya shingoni. Matembezi ya kila siku ni ya lazima, kwa kuwa misuli imara huushikilia mgongo. Mbwa anayefungiwa ndani hunenepa na kudhoofika kwa pamoja.

Mbwa aliyeasiliwa akiwa na miaka 4 anaweza kuwa na miaka 10 mbele yake. Kwa hiyo uamuzi wa kumpokea hupaswa kuhesabu shule za watoto, uhamisho wa kikazi na uzee wa mwenye nyumba, na kumtaja mapema mtu atakayemchukua iwapo mwenyewe hataweza tena.

Tazama pia
- Mbwa
- Kichaa cha mbwa
- Nyegere
- Ndorobo
- Mkoa wa Kagera